Kanuni ya cheo haijui likizo ya uzazi

Matangazo mengi ya kazi ya vyuo vikuu na taasisi zetu za utafiti yana sentensi moja inayowekwa karibu na mwisho: wanawake wenye sifa wanahimizwa kuomba. Ni sentensi njema na sina ugomvi nayo. Lakini haigharimu chochote. Haimwambii mwombaji nani atamsimamia akisoma shahada ya uzamivu, nani atashika vipindi vyake akijifungua, atafikaje wilaya za Bahi au Chemba, hapa Dodoma, kukusanya data akiwa na mtoto wa miezi mitano, wala kwa nini mwenzake waliyeajiriwa siku moja atamtangulia vyeo viwili. Hayo ndiyo yanayoamua kama mwanamke aliyeingia chuoni akiwa na miaka 25 atakuwa profesa akifika 50, au atabaki mhadhiri msaidizi anayependwa na wanafunzi lakini asiyeingia kwenye vikao vinavyopitisha mambo.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilianza 2007, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikaanza mwaka huohuo. Kuna Chuo cha Mipango, kuna tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara. Kwa upande wa utafiti kuna kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora wanaoshughulika na zabibu, TARI Hombolo wa mtama na uwele, na Mpwapwa kuna taasisi ya utafiti wa mifugo ambayo mizizi yake inarudi enzi za Wajerumani. Yote hayo yako ndani ya mkoa mmoja.

UDOM ilifungua milango wakati ambapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba msichana anaweza kusoma fizikia au sheria. Haikurithi mabweni ya wanaume peke yao wala seneti ya wazee wa zamani. Hata hivyo, tangu Profesa Idris Kikula aliyekiongoza mwanzoni, kisha Mubofu, Bee na sasa Kusiluka, kiti cha Makamu Mkuu wa Chuo kimekaliwa na wanaume watupu. Ni wasomi wenye heshima zao, na silitaji hili kuwapunguzia lolote. Nalitaja kwa sababu chuo kilichozaliwa karne hii hakiwezi kusema kwamba historia ndiyo iliyokifunga. Sababu itafutwe katika namna vyuo vinavyoendeshwa sasa.

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba wanawake hawajiamini, hawajitokezi, hawataki majukumu. Kutokana na maelezo hayo zimezaliwa semina nyingi za kuwajengea uwezo. Simkatazi mtu kwenda semina, lakini naona tiba hiyo imekosea mgonjwa. Mtu hawi mkufunzi msaidizi, yule ambaye chuoni wote humwita TA, mpaka awe amemaliza shahada ya kwanza kwa GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.8 kati ya 5. Akitaka kuendelea kufundisha baada ya uzamili, anadaiwa GPA ya 4.0. Msichana aliyevuka vizingiti hivyo katika darasa la mamia, huku wenzake wakihangaika na sapu, mitihani ya marudio, hana upungufu wa kujiamini. Kama miaka kumi baadaye anaonekana hajiamini, tuulize tumemfanya nini katika miaka hiyo kumi.

Tuipige hesabu ya miaka hiyo. Anamaliza shahada ya kwanza akiwa na 23 au 24. Uzamili unamfikisha 27. Uzamivu, kwa mwendo wa wengi wetu, unamfikisha 32 au zaidi. Baada ya hapo kila ngazi ina miaka yake ya kukaa na pointi zake za machapisho: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Muongo ambao taaluma inamdai zaidi ndio huohuo ambao mwili wake na familia vinamdai. Mwanamume naye anaoa na kupata watoto katika umri huo, lakini yeye harudi nyumbani kunyonyesha.

Sheria yetu ya kazi imelitambua hilo kwa sehemu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Marekebisho ya 2025 yameongeza muda kwa wanaojifungua watoto njiti, na hilo ni jambo la utu. Lakini sheria hiyo inalinda mshahara na ajira tu. Hailindi pointi. Anapokaa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, anaulizwa ana machapisho mangapi tangu alipopanda mara ya mwisho, na miaka inahesabiwa kwa kalenda ya ukutani.

Hapa kati ya nchi, kalenda hiyo ina ukali wa ziada ambao watu wa mikoa ya mvua mbili hawaujui. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima mvua yake ni kama milimita 550 hadi 600. Mtafiti wa mtama wa Hombolo anapanda majaribio yake mvua zinapoanza na kuvuna zinapokwisha. Hakuna kupanda tena Julai. Akijifungua Desemba, zile siku 84 zinaumeza msimu. Anarudi Machi na kukuta mimea imeshatoa masuke, vipimo vya kuota, kuchipua na kutoa maua havikuchukuliwa, na data ya mwaka imekwenda. Kwenye karatasi amekosekana miezi mitatu. Kwenye utafiti amepoteza mwaka, na kama chapisho lilihitaji misimu miwili mfululizo, amepoteza miwili. Watoto wawili kwa mpangilio huo, na amekuwa nyuma ya mwenzake kwa miaka minne bila ya yeyote kumfanyia hila, bila ya hata mtu mmoja kumchukia.

Ndiyo maana nasema tatizo letu kubwa si watu wabaya. Wapo, nitawafikia. Lakini kanuni iliyoandikwa kwa nia njema na kutumika kwa haki kwa wote inaweza kumrudisha mwanamke nyuma mwaka hadi mwaka, na kila anayeisimamia akalala usingizi mzuri.

Dawa yake inajulikana, na haihitaji mfadhili. Baraza la Utafiti la Ulaya, linapopima kama mwanasayansi bado anastahili ruzuku za wanaoanza, humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto. Hawamwambii alete chapisho dhaifu wala hawamsamehei mtihani wowote. Wanachofanya ni kukubali kwamba muda ule haukuwa muda wa utafiti. Seneti zetu zinaweza kuandika kifungu cha namna hiyo katika kanuni za kupandisha vyeo, katika ukomo wa usajili wa uzamivu na katika ukomo wa umri wa ufadhili wa ndani. Mtafiti wa shambani anaweza kupewa msaidizi wa kuchukua vipimo katika msimu wa likizo, kwa maandishi, data ikibaki yake na jina lake likiwa la kwanza kwenye chapisho. Gharama ya kijana mmoja wa mkataba kwa miezi mitatu ni ndogo kuliko gharama ya jaribio lililokufa.

Wapo watakaosema huku ni kushusha ubora. Nawaomba waitazame hoja yao kwa makini. Ubora ni ukweli wa matokeo na umakini wa njia. Kasi haijawahi kuwa ubora, na machapisho mengi ya haraka haraka yanayojaza majarida ambayo mwandishi hulipia ili achapishwe yanatosha kuwa ushahidi.

Na baba? Kanuni ya kawaida inampa siku tatu. Siku tatu zinatosha kumtoa mama hospitali, kununua kuni au gesi, na kupokea wageni wa kuja kumwona mtoto. Ujumbe unaobaki ni kwamba kulea si kazi yake. Mhadhiri kijana anayetaka kumsaidia mkewe anaomba ruhusa kwa aibu, kama anayeomba kwenda kutazama mpira. Tukitaka kupunguza mzigo wa mama, hapa napo pana kazi ya kufanya.

Kuna mzigo mwingine ambao kanuni haiuoni kabisa. Katika idara nyingi, wanafunzi wakipata matatizo ya kifamilia, ujauzito, njaa ya kuchelewa kwa bumu (fedha za mkopo wa masomo), msiba, wanapelekwa kwa "madam". Ukiwepo ugeni, madam atakuwa kwenye kamati ya mapokezi. Dawati la jinsia likianzishwa, ni madam huyohuyo. Kila kamati inatakiwa kuwa na mwanamke, na kwa kuwa idara ina wanawake wawili, hao wawili wanakaa kwenye kila kamati. Zote ni kazi halali na zinashikilia chuo kisianguke, lakini siku ya kuhesabu pointi hazina uzito unaolingana na saa zilizotumika. Mwenzake aliyekataa kamati akajifungia kuandika anapanda. Kisha tunasema mama hana mwelekeo wa utafiti! Kama kazi hizo ni muhimu, na ni muhimu kweli, zipewe uzito katika kanuni, au zigawanywe kwa zamu kwa wanaume na wanawake kama tunavyogawana kusimamia mitihani.

Na bajeti za utafiti. Andiko la mradi lina posho ya mtafiti, ya dereva, ya mkusanya data, ya mwenyekiti wa kijiji. Mama mwenye mtoto anayenyonya akienda Chemba kwa siku kumi anahitaji mtu wa kukaa na mtoto pale gesti, na nafasi yake kwenye gari. Mstari huo haupo kwenye bajeti. Analipa kutoka posho yake, au haendi na anatumwa mwingine, na anayekwenda ndiye anayeijua data na kuandika. Naijua hoja kwamba mkaguzi wa hesabu atauliza. Atauliza kama hakuna mwongozo. Ukiwepo mwongozo uliopitishwa na Baraza la Chuo, mkaguzi ataukagua na kuendelea na mengine.

Sasa niwafikie watu wabaya.

Rushwa ya ngono vyuoni si uvumi wa vijiweni. Mwaka 2018 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilisema hadharani kwenye mtandao, na nchi nzima ikasikia. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ilifanya utafiti katika vyuo viwili, Dar es Salaam na Dodoma, na matokeo yaliyotangazwa 2020 yalithibitisha kwamba tatizo lipo. Sheria nayo haikosekani: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtaja wazi mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili atoe huduma, ajira au upendeleo wowote. Kwa nini basi kesi zinazofika mahakamani ni chache kuliko simulizi?

Jibu langu ni kwamba tumelishughulikia kama suala la tabia, wakati kiini chake ni muundo wa mamlaka. Mwalimu mmoja anatunga mtihani, anausahihisha, anaingiza alama na kupokea malalamiko juu ya alama hizo. Msimamizi mmoja anaweza kukaa na sura ya pili ya tasnifu miezi minane bila kuirudisha, na mwanafunzi hana pa kuuliza. Kwa mkufunzi msaidizi anayesoma uzamivu hapohapo chuoni hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa msimamizi wake anaweza pia kuwa mkuu wa idara yake, mwandishi mwenza wa makala zake na mjumbe wa kikao cha ajira. Mtu wa aina hiyo hahitaji kutamka neno lolote chafu. Kimya chake kinatosha kuharibu maisha ya mtu. Na ndiyo maana wanawake wengi waliokatisha uzamivu huandika "sababu za kifamilia" kwenye fomu.

Muundo ukivunjwa, nafasi ya kudai inapungua kabla ya mtu kuhitaji ujasiri wa kushtaki. Mitihani isahihishwe kwa namba bila majina na ipitiwe na mwalimu wa pili. Tasnifu isimamiwe na kamati ya watu watatu, na kila sura iwe na tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kurudishwa kwenye mfumo ambao mkurugenzi wa shahada za juu anauona. Mwanafunzi aruhusiwe kubadili msimamizi mara moja bila kutoa sababu. Kipengele hiki cha mwisho najua kitapingwa sana, nacho ndicho ninachokiamini zaidi, kwa kuwa kinamtoa binti kwenye mtego bila kumlazimisha asimame mbele ya wazee wa chuo kueleza alichofanyiwa.

Madawati ya jinsia yaliyoanzishwa vyuoni miaka ya karibuni ni hatua ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba anayelikalia dawati ni mtumishi wa chuo hichohicho, anayepimwa utendaji na viongozi ambao huenda wakatajwa kwenye malalamiko. Apewe njia ya kupeleka taarifa moja kwa moja kwa Baraza la Chuo, lenye wajumbe kutoka nje. Na tusisahau mjadala uliofika bungeni, hapahapa Dodoma, mwaka 2024, juu ya pendekezo la kumwadhibu pia anayetoa rushwa ya ngono. Watetezi wa haki za wanawake walilipinga vikali, na walikuwa na haki. Binti akijua kwamba akisema ataunganishwa kwenye kesi kama mshtakiwa, atanyamaza, na dawati litabaki na daftari tupu.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Msemo huu una maana nzito katika utafiti kuliko mahali pengine popote, kwa sababu anayekosekana kwenye meza ya utafiti anakosekana kwenye swali lenyewe. Mfano mzuri uko Kongwa, wilaya ya mkoa huuhuu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao Watanzania walifanya kazi kule juu ya trakoma, ugonjwa wa macho tunaouita vikope, ambao huwapofusha wanawake zaidi ya wanaume kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wenye maambukizi. Mmoja wa waliouongoza mradi huo ni mwanamke, Sheila West. Kazi ile haikuishia kupima bakteria. Iliuliza mama ana muda gani, anachota maji wapi, na nani nyumbani ana kauli juu ya matumizi ya maji hayo katika nchi kame ya Wagogo. Watu walidhani kunawisha watoto nyuso kunahitaji maji mengi. Walipoonyeshwa kwamba kiasi kidogo kinatosha nyuso nyingi, mazungumzo yalibadilika. Jaribio lao la kunawa uso, lililochapishwa 1995, ni sehemu ya msingi wa mkakati ambao dunia inautumia dhidi ya trakoma hadi leo.

Linganisha na mtama. Mbegu ikipimwa kwa kilo kwa hekta peke yake, itashinda ile inayozaa sana. Mwanamke wa Chamwino anauliza mengine: inakoboleka? Ugali wake unashika? Itakaa ghalani bila kubunguliwa? Ndege wataimaliza kabla ya kuvuna, na nani atashinda shambani kuwafukuza? Mbegu nzuri kwenye taarifa inaweza kukataliwa jikoni, na wataalamu wakabaki wakishangaa kwa nini wakulima hawapokei teknolojia. Simaanishi kwamba mtafiti mwanamume hawezi kuuliza maswali hayo. Wapo wanaouliza vizuri sana. Lakini timu inayochanganya watu huuliza mapema, kabla fedha hazijaisha.

Mkoa huu umewahi kutoa kielelezo cha kile tunachokikosa. Dkt. Mwele Malecela, binti wa waziri mkuu wa zamani, Mzee John Malecela, alitumia miaka mingi ya kazi yake kwenye matende na mabusha, magonjwa ya watu maskini ambayo wengi hawakutaka kuyagusa. Akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kama Mkurugenzi Mkuu, na 2018 akakabidhiwa idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa yasiyopewa kipaumbele, trakoma ikiwa mojawapo. Alifariki Februari 2022. Njia yake ilikuwa na msaada ambao mabinti wengi wa Mvumi, Kibaigwa au Kondoa hawana, na sioni ubaya kulisema hilo. Ni sababu nzuri ya kutaka kanuni zifanye kazi ambayo kwa wachache hufanywa na familia.

Ujumuishi hauishii kwa mwanamke mzima wa viungo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwenye vilima vya UDOM, ambako ndaki (koleji) moja iko mbali na nyingine na jua la Oktoba halina huruma, mhadhiri anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji vipindi vyake vipangwe kwenye jengo moja. Kupanga ratiba hakuhitaji saruji.

Ombi langu la kwanza kwa mabaraza ya vyuo na bodi za taasisi za utafiti za mkoa huu ni jepesi. Wachukue wote walioajiriwa kama wakufunzi wasaidizi au maofisa utafiti kati ya 2008 na 2015, wawafuatilie mmoja mmoja: nani yuko cheo gani leo, ilimchukua miaka mingapi kutoka ngazi moja hadi nyingine, nani aliacha uzamivu na nani alihama kumfuata mwenzi wake, wanaume safu yao na wanawake safu yao. Majina yabaki ofisini, hesabu ichapishwe. Majalada yapo tayari kwa maofisa utumishi, yenye tarehe za ajira, za usajili wa masomo, za kupanda cheo na za kila likizo ya uzazi. Baraza likiagiza mwanzoni mwa muhula, jedwali linaweza kuwa mezani kwa wajumbe kabla ya mitihani kuanza.